Tumepokea, Tutakupigia Leo

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu tu, mvua bado. Kaka amekuja asubuhi na viatu vyake vya kazi akasimama mlangoni, maana Mama Mdogo hamruhusu kukanyaga ndani navyo. "Kompyuta," akaniita, jina alilonipa tangu nimalize chuo, "nataka tovuti ikamate wateja. Mtu akiingia asitoke bila kuacha namba ya simu." Nikamwambia hiyo inaitwa fomu ya mawasiliano, si mtego wa panya. Akasema niiite nitakavyo, mradi inase.

Kazi yetu ni mapaa. Kaka na mafundi wake wanaezeka, wanaziba yanayovuja, wanabadilisha mabati yaliyooza. Mama Mdogo anapokea simu ofisini. Mimi naishughulikia tovuti nikiwa nyumbani na mtoto mgongoni, baba yake akiwa mbali kikazi. Mvua ndiyo mavuno yetu. Wengine wakilia na ndoo sebuleni, sisi ndipo tunapokula. Ndivyo Mungu alivyogawa.

Nimeanza shajara hii ili niwe na kitu cha kuandika kisichohusu nepi.

Jumatano, 5 Machi

Njia ziko tatu. Ya kwanza, kukodi fomu iliyokwisha tengenezwa na kampuni fulani, unaibandika tu, ila unalipia kila mwezi na nembo yao inakaa pale chini kama kupe. Ya pili, kuiandika mwenyewe. Ya tatu aliitoa Mama Mdogo wakati tunakunywa chai.

"Kwa nini usiweke kitufe tu? Mtu akibonyeza, simu ya ofisini inalia. Nikisikia sauti yake najua kama anavuja kweli au ana hofu ya kuvuja."

Nimecheka mpaka chai imenipalia. Nikamwambia, Mama Mdogo, hayo ya zamani. Watu wa siku hizi hawataki kuongea, wanataka kujaza. Akacheka na yeye, akanipigapiga mgongoni. "Haya, msomi wangu."

Huyu ni mdogo wake mama. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado nanyonya kidole, na yeye ndiye aliyenilea. Mwanangu naye hajapata kuogeshwa na mtu mwingine. Mimi naogopa: maji, sabuni, halafu kiumbe kinachoteleza! Yeye anapima maji kwa kiwiko, anaimba, mtoto anatulia tuli.

Nitaiandika mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Fomu imekaa mwisho wa ukurasa. Jina, namba, shida yako ni nini. Ujumbe unaingia kwenye simu ya ofisini. Nimemfundisha Mama Mdogo: fungua, mpigie mteja, futa. "Ukishapiga, futa. Ukiona patupu, ujue kazi imekwisha." Amefurahi, amesema ni kama kuosha vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Mtoto ameota jino. Amenionyesha kwa kuning'ata.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza, ya kutisha watu tu. Kaka kaja tena. Eti fomu iko chini mno, nani atashuka hadi huko? "Iruke usoni mwa mtu!" Nikamwambia vidirisha vya kuruka vinaudhi. Akasema bati lililotoboka linaudhi zaidi.

Basi nimekitengeneza. Mtu akianza kusoma habari za paa linalovuja, kidirisha kinamrukia: acha namba yako. Akishajaza anaona maneno haya: Tumepokea. Tutakupigia leo. Hilo "leo" ni la Kaka, mimi nilitaka "karibuni". Nimekijaribu kwenye sanduku langu la barua pepe la mazoezi, ujumbe ukafika palepale. Nimekiweka hewani kwa mkono mmoja huku nanyonyesha kwa mwingine. Nani kama mimi?

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mama Mdogo amerudi sauti imekauka. "Haloo" zake zimebaki nusu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua usiku kucha. Leo ofisini ameingia mama mmoja fundi cherehani, kalowa chapachapa, kabeba gauni la bibi harusi limeingia madoa ya kutu kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Nilikuwepo, nilimpelekea Mama Mdogo miwani yake.

"Nilijaza kwenye tovuti yenu," akasema, wala hakupaza sauti. "Nikaambiwa mtanipigia leo. Leo ya lini?"

Mama Mdogo akafungua simu. Hamna kitu. Akaitafuta namba ya yule mama juu chini, hamna. Kaka akatoka nyuma. "Umefuta bila kupiga, Mama."

"Sikumbuki kuiona."

"Si ndiyo hiyo? Hukumbuki."

Akasema pole pole, "Labda." Akamwomba radhi yule mama kwa mikono miwili.

Wakati wa kutoka Kaka akanivuta pembeni. "Unaonaje?" Nami, mjuaji, nikamjibu: "Ni umri, Kaka. Tumwangalie."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haikatiki. Wamekuja wengine wawili wenye hadithi ile ile: nilijaza, sikupigiwa. Kaka amepiga kelele mbele ya mafundi. Amesema kazi ya baba yetu itaanguka kwa sababu ya kidole kimoja kinachofuta ovyo.

Ajabu ni kwamba wengine wanaojaza anawapigia vizuri kabisa. Ndiyo maana Kaka anaamini ni kichwa. Fomu ingekuwa mbovu, anasema, asingepata hata mmoja. Aliniuliza kama nimeikagua. Nikamjibu, "Inafanya kazi, nimeijaribu mwenyewe."

Jioni Mama Mdogo aliniuliza kama ameshatia chumvi. Alikuwa ametia. Baada ya muda akaniuliza tena.

Jumapili, 23 Machi

Niandike tu.

Leo mchana mtoto kalala, nikawa natafuta picha ya siku aliyozaliwa, nilikumbuka niliwahi kujitumia kwenye lile sanduku la mazoezi. Nikalifungua. Juu kabisa ujumbe wa juzi. Chini yake wa siku iliyotangulia. Chini yake mwingine, na mwingine. Majina ya watu nisiowajua. "Chumba cha watoto kinavuja juu ya kitanda." "Dari limebeba maji, linaning'inia, naogopa kupita chini yake." Na fundi cherehani: "Nina nguo za watu ndani, naombeni mje." Siku iliyofuata: "Mlisema leo." Iliyofuata tena: "Samahani, nimejaza tena, labda sikujaza vizuri."

Labda sikujaza vizuri! Loh.

Ile fomu ya chini inapeleka ujumbe kwenye simu ya ofisini, kama nilivyoiandika. Kidirisha kilikuwa kinapeleka kwangu. Nilipokijaribu niliweka anwani ya sanduku la mazoezi, na nilipokiweka hewani sikuibadilisha. Nilipoona ujumbe umefika nikajipongeza. Kweli ulifika, ila ulifika kwangu, na mimi sikuwa na habari.

Kwa hiyo Mama Mdogo hakufuta kitu. Hakusahau kitu. Mtu hawezi kusahau asichopewa.

Nilisimama ili niende kumwambia. Alikuwa uani anaanua nepi maana wingu lilikuwa limefunga. Nikaona mgongo wake. Nikamkumbuka Kaka na sauti yake mbele ya mafundi, nikakumbuka "ni umri, Kaka", kwa kinywa changu hiki. Nikaketi tena. Nikajiambia, rekebisha kwanza. Ukisharekebisha hakuna atakayeumia tena, na yaliyopita si ndwele.

Nimebadilisha anwani. Kisha nimeuchukua kila ujumbe uliokwama na kuutuma kwenye simu ya ofisini ukiwa na tarehe yake ile ile, kesho aukute, awapigie wote, mambo yaishe kimya kimya.

Nimeanua nepi zilizobaki. Akaniambia, "Leo una huruma, mwanangu, una nini?"

Jumatatu, 24 Machi

Nilidhani nazima moto, kumbe namwagia mafuta.

Amewapigia. Kila aliyempigia kamtukana. Mmoja kamwambia dari lilishaanguka, anampigia wa nini sasa? Mwingine kamuuliza, "Ujumbe wa wiki iliyopita unausoma leo? Ulikuwa umelala?" Naye akiangalia simu anaona ujumbe upo, mbele ya macho yake, mahali ambapo aliapa haukuwepo.

Amerudi nyumbani akaketi bila kuvua kitenge kilicholowa. "Jumbe zilikuwepo," akaniambia. "Zilikuwepo muda wote. Mimi nilikuwa naziangalia na sizioni."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamwambia, "Umechoka tu, Mama Mdogo. Kalale."

Jumanne, 25 Machi

Amerudisha funguo za ofisi. Kaka hakumfukuza, tena naona alianza kulainika, lakini yeye mwenyewe kaziweka mezani. "Kabla sijaiua kazi ya baba yenu."

Kisha akatuambia habari za bibi yetu, mama yake, ambazo hakuwahi kutuambia zote. Bibi alianza hivyo hivyo. Sufuria ikaungua. Halafu akaweka kitu mahali akakana kuwa amekiweka. Halafu majina. Mwishoni alikuwa akimwita Mama Mdogo "wewe binti wa watu", akimwomba amwonyeshe njia ya kwao, na huku yuko kwao. "Nilimwomba Mungu jambo moja tu," akasema. "Lisinipate hili. Nife kwa lolote jingine." Kaka alitazama dari. Mimi nilitazama funguo.

Jioni nikapasha maji ya mtoto, nikatandika taulo kama kawaida. Akasimama pale mlangoni, mikono nyuma. "Leo mwogeshe wewe."

"Mimi? Naogopa, Mama Mdogo."

"Mimi naogopa zaidi. Akili yangu siiamini. Nisije nikamweka ndani ya maji nikaenda kufuata sabuni, nikasahau kuwa nimemweka."

Nimemwogesha mwenyewe. Mtoto amelia mwanzo mwisho, anamtazama yeye.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Kaka amesema nikalie kiti cha Mama Mdogo mpaka apatikane mtu, au nibaki hapo moja kwa moja, nikipenda. Kiti kina mto alioushona mwenyewe. Sijasema.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kaka ananisifu. Eti tangu nikae mimi hakuna mteja aliyelalamika. "Unaona tofauti?" Naiona. Sijasema.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Sijasema.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Leo nimepita mlangoni kwake nikasikia anaongea. Nikadhani yuko na mgeni. Alikuwa peke yake, anataja majina yetu. Jina la Kaka, la mkewe, la watoto wao kwa kufuatana, langu, la mwanangu, kisha la marehemu mama. Akifika mwisho anaanza upya. Kuna mahali alikwama kidogo, nikasikia pumzi yake inapanda, halafu jina likaja, akasema, "Haya."

Jina alilokwamia ni langu.

Nimerudi jikoni nimekaa sakafuni. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mbona mimi nimelichuma peke yangu na nimempa yeye alile lote, bila hata kuonja?

Jumapili, 30 Machi

Nimesema.

Kaka alikuja kula. Mafundi wote wako mapumzikoni, mvua imepungua, tumekaa watatu mezani. Mama Mdogo alikuwa amemwambia Kaka atafute daktari wa mambo ya kusahau, na Kaka alikuja na jina la daktari. "Nimeuliza, atakupokea keshokutwa." Mama Mdogo akaitikia kwa kichwa, kama mtoto anayeambiwa atachomwa sindano, anataka tu iishe.

Nikasema, "Hahitaji daktari."

Kaka akanitazama. "Wewe unajua nini?"

Nikawaeleza. Kidirisha, sanduku la mazoezi, anwani niliyosahau kubadilisha. Kwamba ujumbe haukuwahi kufika kwake. Kwamba niliutuma wote kwa mpigo ile Jumapili, ndiyo maana aliukuta Jumatatu. Sauti ilikuwa yangu lakini niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

Kaka alisukuma kiti kikaanguka. "Umemwacha mama yako adhani anaugua kichwa? Wewe? Aliyekupangusa makamasi? Na mimi nikampigia kelele mbele ya watu kwa ajili yako!" Kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia, tena kwa maneno mabaya zaidi.

Mama Mdogo hakupiga kelele. Aliinua mkono, Kaka akanyamaza.

"Kwa hiyo," akasema, "sikufuta."

"Hukufuta."

"Na sikusahau."

"Hukusahau kitu, Mama Mdogo."

Uso wake ukafunguka. Siwezi kuuelezea. Hata alicheka, kicheko kifupi, akajishika kifua, akasema, "Alhamdu... jamani, jamani." Nami nikaanza kulia kwa raha, nikadhani imekwisha.

Kisha nikamwona anafikiri. Akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Ile Jumapili. Ulipokuwa unaanua nepi."

"Kabla sijarudisha funguo, au baada?"

"Kabla."

"Kabla," akasema. Akapanga vijiko, akavitazama. "Nilipokuwa nawaambia habari za mama yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akainuka, akachukua sahani yake, akaenda kuiosha.

Jumanne, 1 Aprili

Kaka amekwenda na Mama Mdogo ofisini, akawaita mafundi wote wakiwa na ngazi zao na misumari mfukoni, akamwomba radhi mbele yao, kama alivyomkaripia mbele yao. Kwa hili namvulia kofia. Nami nimesema mbele yao kosa ni langu. Fundi mmoja ametazama miguu yangu muda wote.

Mama Mdogo amerudi kwenye kiti chake. Mimi hajanisemesha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekiondoa kidirisha. Nimeweka kitufe. Ukibonyeza, simu ya ofisini inalia. Kaka amesema asubuhi hii tu imelia mpaka chai ya Mama Mdogo ikapoa. Nilitaka nimwambie yeye mwenyewe kwamba lilikuwa wazo lake na lilikuwa zuri. Nimeishia kuandika hapa.

Nimekwenda kwa fundi cherehani na mafundi wawili, tumemwezekea bila kumdai kitu. Gauni halikutakata. Bibi harusi aliolewa na la kuazima. Fundi alinipa stuli nikae, akaendelea kushona.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mama Mdogo ananijibu sasa. "Ndiyo", "hapana", "chumvi iko pale".

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nimempelekea miwani ofisini, kaisahau tena. Zamani angesema, "Ah, kichwa changu hiki!" na kucheka. Leo aliishika miwani, akaigeuza, akanitazama usoni kuona kama nimeona. Akipokea simu sasa anamwomba mteja arudie jina mara mbili. Kaka anasema ni umakini. Mimi najua si umakini.

Mtoto namwogesha mimi. Ameshanizoea, halii sana.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Mabati yote ya mtaa yanafuka mvuke, watu wametoa magodoro nje. Kaka anasema msimu umekwisha, na tumeuvuka.

Nilikuwa nimeshaweka beseni uani, natafuta ujasiri wangu wa kila siku. Mama Mdogo akatoka ndani amekunja mikono ya gauni. Akainama, akatia kiwiko kwenye maji. Akaongeza maji baridi kidogo, akatia kiwiko tena.

"Mlete mtoto."

Nilimpa nikiwa nimebana pumzi. Mtoto alimkumbuka palepale, alipiga kelele ya furaha akampaka mate shavuni. Mama Mdogo akamtumbukiza polepole, mkono mmoja chini ya shingo, akaanza ule wimbo wake. Nikaona nisimsumbue. Nikageuka niingie ndani nimwachie nafasi, moyo wangu mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Unakwenda wapi?"

"Ndani, Mama Mdogo. Nikuletee taulo."

"Taulo iko hapa." Hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Najua kichwa changu ni kizima. Mmeniambia. Lakini wewe kaa hapo tu, uniangalie."

Nimekaa.